Mchoraji Aliyekatazwa Kufa

Alhamisi iliyopita nilisikia nduru ya kifo Magunga, jioni jua likikaribia kuzama, na hakuna hata mtu mmoja aliyekimbia. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi katika uwanja wa shule niliyosoma nikiwa mtoto. Nilikuwa nimetoka Migori asubuhi kuwaletea bango waliloniagiza. Mbele yangu kikundi cha wasichana kilikuwa kinafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, wakimlilia mtoto aliyelala chini ya shuka. Walilia vizuri, sina lawama nao. Ila macho yangu hayakuwa kwao. Nilikuwa natazama lango la shule nione nani atatokea kwanza. Mwendesha bodaboda aliyeegesha pale nje aliendelea kutafuna muwa wake, nyaya za simu zikining'inia masikioni. Mama mmoja akapita na karai la samaki kichwani bila kugeuza shingo. Basi, hao tu.

Kama hukukulia huku utaniuliza kuna ajabu gani watu kutojali kelele za watoto wa shule. Ajabu ipo, rafiki yangu, na mchezo huo waliokuwa wanaucheza naujua neno kwa neno. Mimi ndiye niliyekuwa maiti wa kwanza. Keti vizuri nikupe habari yote.

Nililelewa na nyanya, mama yake baba, katika boma lililo chini kidogo ya shule, upande wa kuelekea mbuga ya wanyama ya Ruma. Siku yetu ilianza na fagio lake uani na harufu ya moshi wa kuni, kisha uji wa mtama uliotiwa ndimu mpaka ukakunja uso. Msimu wa mahindi tulishinda tukigonga madebe, maana nyani wa Ruma hawakuwa na haya hata kidogo. Kila mwisho wa mwaka tulikandika nyumba upya kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, kisha nyanya akazungushia ukuta mistari ya udongo mwekundu kwa kiganja chake, mizuri, imenyooka. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya udongo, na kupaka sehemu ya chini kabisa, ile ambayo kuku wangeichafua kesho yake. Nilinung'unika kila mwaka. Nyanya alinijibu kwamba hata chini ni ukuta.

Kando ya boma palikuwa na kaburi la baba mdogo wangu, kitinda mimba wa nyanya. Ndani ya kaburi hilo hapakuwa na mtu. Alikuwa amekwenda ziwani na wenzake, upande wa Kisegi, mashua ikarudi bila yeye, na ziwa halikumtoa tena. Kwetu mtu haachwi bila kaburi. Walikata tunda la yago, lile tunda refu zito linaloning'inia kwenye mti wake kwa kikonyo kama kamba, wakalifunga shuka, wakalililia, wakalizika mahali pake. Nilikuwa mdogo mno kukumbuka mazishi hayo, lakini kila mtoto wa boma letu alijua kwamba pale amelala baba mdogo, na kwamba pale limelala tunda, na hatukuona shida yoyote kati ya mambo hayo mawili. Jioni nyanya alipenda kuketi karibu na kaburi hilo akichambua mboga.

Mwaka niliokuwa darasa la saba tulipata mwalimu mpya wa Kiswahili. Alikuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi, mzaliwa wa Migori mjini karibu na stendi, mahali ambapo watu wanapiga kelele tangu alfajiri na hakuna anayeshtuka. Alianzisha drama, na mchezo akautunga mwenyewe. Ulihusu mchoraji wa kuta za maduka, hodari na mwenye maringo, pamoja na msaidizi wake. Mchoraji huchora nyuso. Msaidizi anaruhusiwa kupaka mbingu tu, na majani ya chini. Siku moja wanapewa ukuta mkubwa sokoni wachore watu wote wa soko hilo. Mchoraji anaugua na kufa kabla ya kumaliza, na ukutani linabaki pengo la uso mmoja. Msaidizi, ambaye hajawahi kuchora hata sikio, lazima amalize kazi. Anamchora mchoraji. Pazia linafungwa, watu wanapiga makofi.

Mchoraji nilikuwa mimi, msichana mwenye masharubu ya mkaa. Nilikuwa na sauti, na maringo nilikuja nayo kutoka nyumbani, mwalimu hakuwa na kazi ya kunifundisha. Msaidizi alikuwa mwenzangu wa dawati, msichana mkimya aliyesikia kila kitu na kujibu nusu. Nilipenda sana kumwambia jukwaani, kidole juu, "Wewe paka mbingu, nyuso mwachie mwenye mkono." Nililipenda neno hilo hata nikawa namwambia tukiwa kisimani.

Ukuta wa soko ulikuwa mashuka makuukuu mawili yaliyoshonwa pamoja, na rangi tulijitengenezea: mkaa uliosagwa, majivu, udongo mwekundu wa kichuguu, vyote vikikorogwa na uji mwepesi ili vishike. Uji huo ulituletea taabu. Siku moja tuliacha shuka kwenye ua ili likauke, mbuzi wa mwalimu mkuu akalamba mbingu yote na nusu ya muuza ndizi tuliyemchora. Mwenzangu alipaka mbingu upya bila kulalamika. Nami nilimsimamia.

Tamasha la drama za shule lingefanyika Homa Bay mjini, katika ukumbi wenye taa za umeme. Nilikuwa sijawahi kufika Homa Bay. Nitasema wazi nilichotaka, maana sikuwahi kutaka kitu zaidi ya hicho utotoni mwangu: nilitaka kufa Homa Bay. Nilitaka nianguke taratibu, brashi initoke mkononi, ukumbi mzima unyamaze. Nilifanya mazoezi kila mahali. Nilikufa kisimani, nikafa kwenye foleni ya uji, nikafa kanisani siku ya Sabato wakati wa maombi marefu, nikafinywa na nyanya nikafufuka. Kufikia wiki mbili kabla ya tamasha nilikuwa nakufa vizuri kuliko mtu yeyote Suba nzima.

Tatizo lilikuwa waliaji. Wasichana waliotakiwa kunililia walikuwa wanacheka, au wanalia kidogo kidogo kwa aibu. Jioni moja mwalimu akachoka nao.

"Nyinyi mnalia kama watu wamekata kitunguu," akawaambia. "Lieni vile watu wanalia huku kwenu. Serious. Sauti yote."

Mwalimu maskini hakujua alichokiomba. Msichana wa kwanza aliweka mkono kichwani, akaanza. Wa pili akapokea, wa tatu akapanda juu yake. Hawa walikuwa watoto waliokwenda matangani na mama zao tangu wakiwa mgongoni, kulia hawakufundishwa na mtu. Wakapata moto, na katika moto huo wakalisahau jina la mchoraji wa mchezo. Wakaanza kuniita mimi, kwa jina langu, kwa jina la baba yangu na la ukoo wetu. Chini ya shuka nilisisimka mwili mzima. Nilijua sasa mchezo umeiva.

Wakati huo nduru ya jioni ilikuwa na maana moja, na ukiisikia huulizi kama inakuhusu. Unaacha ulichoshika unakimbia. Jirani yetu, mzee mwenye heshima zake, alitoka bafuni na povu kichwani na taulo kiunoni, rungu mkononi. Kina mama walivunja matawi njiani wakaja wakiyapunga. Mwenye mashine ya kusaga alizima injini, nikasikia ule mngurumo wa kila jioni ukikatika, kisha miguu, miguu mingi, na sauti zikiuliza kwa Kijaluo, "Ng'a motho? Ng'a motho?" Yaani nani amekufa. Nami pale chini nikadhani mwalimu ameongeza watu kwenye mchezo bila kuniambia.

Nyanya alisikia jina langu akiwa anasonga ugali. Alikuja bila viatu, mikono ina unga mpaka viwiko, akawapita wote, akajitupa juu yangu. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba maiti haisogei hata ikipandwa na siafu, nami nilikuwa mwigizaji kamili. Sikusogea. Nyanya alinifunua, akanishika uso kwa ile mikono, akaniita, akaniita tena, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote, na mimi nikabana pumzi kwa ustadi wangu wote. Unga ukaniingia puani. Nikapiga chafya.

Mambo mengine huwezi kuyaeleza vizuri hata ukijaribu. Watu walisimama pale na matawi yao. Jirani ndiye aliyefungua kinywa kwanza.

"Mwalimu, hii ni mchezo gani ya kulilia mtu mzima?"

"Ni drama, mzee," mwalimu akasema. "Ya mashindano."

"Drama," mzee akarudia, povu likimteremka sikioni.

Nyanya hakunichapa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alinishika mkono tukashuka hadi nyumbani. Langoni akaninawisha uso kwa maji ya mtungi kabla sijavuka kuingia. Jikoni ugali ulikuwa umeungua, moshi umejaa, tukala mahindi na maharagwe yaliyobaki mchana. Tulipomaliza aliniambia neno moja tu, kwa Kijaluo, maana Kiswahili alikiweka kwa ajili ya soko na walimu. Aliniambia, "Hutakufa." Nikamwambia, dani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, ni mchezo tu. Akasema nichezee kitu kingine.

Kesho yake mwalimu alikuja nyumbani na sukari na majani ya chai, shati limechomekwa vizuri. Nilijificha nyuma ya ghala nikasikia yote.

"Mama, ni dakika tano tu," alisema. "Analala, halafu anaamka."

"Hata wewe siku moja utalala," nyanya akamjibu. "Lakini hatuwezi kukufanyia mazoezi."

"Tukitoa kifo, mchezo imekwisha. Huyu msaidizi atachora uso ya nani?"

"Mimi sijui mambo ya uso. Huyu mtoto anakula ugali yangu kila jioni. Nyinyi mmemlilia, mmemuita na jina ya baba yake. Mimi nilitoka jikoni nikijua nimepata kaburi ingine. Hapana, mwalimu. Kunywa chai."

Mwalimu akanywa chai. Kisha akazunguka boma kwa boma akitafuta maiti mwingine, lakini habari zilikuwa zimemtangulia kila mahali. Mzazi mmoja alimwambia kwamba binti yake anaweza kuigiza mwizi, au mlevi, au hata ng'ombe akitaka, lakini maiti hapana. Mwalimu mkuu naye akatangaza kwamba kama watoto wa drama hawana mchezo, nafasi yao kwenye lori la Homa Bay watapewa waimbaji wa kwaya. Kwaya. Wale waliokuwa wanaimba wimbo uleule tangu tulipokuwa chekechea.

Nilisusa chakula. Nilisusa kwa moyo wote mpaka nyanya alipokaanga omena, dagaa wa ziwa letu, kwa vitunguu, harufu ikanishinda, nikala huku nimenuna. Jioni iliyofuata alikuwa kando ya kaburi la baba mdogo akichambua mrenda. Nilikwenda nikaketi mbali kidogo naye, nikalia, na safari hii hakukuwa na maigizo. Aliniacha nilie. Halafu akaniuliza kwa nini natamani sana kufa.

Nilikuwa nimejitayarishia majibu mengi, ya umeme na Homa Bay na makofi. Sijui kwa nini sikuyatoa. Nilimwambia kwamba mchoraji asipokufa, msaidizi atapaka mbingu maisha yake yote.

Nyanya alinitazama, kisha akatazama ukuta wa nyumba, kule chini kwenye sehemu yangu yenye alama za kuku. Akageukia kaburi. Mboga zilikaa mikononi mwake bila kuchambuliwa mpaka giza likaanza kuingia. Akanituma kuwasha taa.

Asubuhi tukiwa mstarini alifika shuleni, kitambaa cha kanisani kichwani, panga mkononi, na kwenye karai alikuwa amebeba tunda la yago alilolikata kwenye mti wa kijitoni. Refu, zito, la kijivu. Alilitua mbele ya mwalimu.

"Mkitaka maiti, hii hapa," alisema. "Hii imeshawahi kuwa mtu kwangu."

Mwalimu, mtoto wa stendi, hakuelewa mara moja. Sisi tulielewa. Nyanya akataja masharti yake. Jina la mtu yeyote aliye hai lisitajwe. Mimi niugue, nitoke, lakini nisilale chini. Mchezo ukiisha nisimame mbele watu wote wanione ni mzima. Na yeye mwenyewe atakuja Homa Bay kuangalia, ila arudishwe kabla jua la Ijumaa halijazama, maana Sabato haimngoji mtu. Jirani yetu alipopata habari alinung'unika kwamba yago si kitu cha kuchezea. Nyanya akamwambia yago hii ni yake, na anajua anampa nani.

Nitakuwa mkweli, nilichukia. Nilikuwa nimepata Homa Bay, lakini kufa kwangu kulikuwa kumepewa tunda.

Tulipanda lori alfajiri, nyanya ameketi mbele na dereva, yago imefungwa shuka lake jeupe katikati yetu nyuma, hatujui kama tuiwekee miguu au tuiheshimu. Tuliiheshimu. Homa Bay ilitupokea na harufu ya samaki wanaokaangwa kwa mafuta mengi, na ziwa kubwa kule chini likimetameta hata likaumiza macho. Nyanya aliliangalia mara moja tu, akageuza kichwa. Ukumbi ulikuwa na taa kweli, ndefu nyeupe, zinawaka mchana. Niliona ni utajiri usio na kifani.

Nilicheza vizuri siku hiyo, hilo sitamwachia mtu mwingine aniambie. Niliwafanya wacheke, nikawafanya wamchukie mchoraji kisha wampende. Nikakohoa, nikaegemea shuka letu la rangi, nikatoka taratibu nikimshika bega msaidizi, nikafa nyuma ya pazia pasipo mtazamaji hata mmoja. Mwalimu alinipa andazi la kunipoza. Nikachungulia kwenye mwanya wa pazia nione hilo tunda litafanya nini.

Walipolileta, vijana wa nyuma walicheka. Kitu kirefu kimefungwa shuka, kimebebwa na wasichana wanne wakiinama kwa uzito. Lakini mbele na pembeni walikoketi wazazi, na akina mama wa soko walioingia kupumzisha miguu, hakuna aliyecheka. Mama mmoja alivua kitambaa kichwani akakishika mapajani. Walijua ni nini ile. Walijua tangu ilipowekwa chini, kwa namna ilivyotulia. Kicheko cha nyuma kikapungua, kikaisha chenyewe. Wasichana walilia kwa sauti ya chini, bila jina, kama walivyoagizwa.

Mwenzangu wa dawati akapiga magoti. Wakati nilipokuwa maiti sikuwahi kuuona uso wake katika sehemu hii, maana nilikuwa nimefunikwa. Ndiyo kwanza nauona. "Uliniachia mbingu tu," akasema, si kwa sauti kubwa. "Nani sasa atachora uso?"

Hapo nyanya akasimama. Alisimama kutoka safu ya mbele, akaweka mkono kichwani, akamwita mwanawe. Hakumwita kwa jina la kanisani. Alimwita kwa lile jina la nyumbani ambalo nilikuwa nimelisikia mara chache mno, akamwambia kwa Kijaluo kwamba maji ni baridi na yeye amemwekea chakula. Akaita mara moja, ikatosha. Ukumbi haukujua kama ni mchezo au si mchezo, na mimi nilisimama pale andazi mkononi, machozi yananitoka, naona haya na najivunia kwa pamoja.

Mwenzangu hakubabaika. Alibaki amepiga magoti hadi nyanya alipoketi, na akamngojea hadi alipojifuta uso. Ndipo akainuka, akachovya brashi kwenye kopo la mkaa, akaenda kwenye lile pengo. Tulikuwa tumekubaliana atamchora mchoraji, kofia na masharubu, mambo ya mistari mitatu. Hakuchora kofia. Alichora mtu ameshika kasia. Uso ulikuwa wa mviringo, haukuwa na ustadi wowote, jicho moja liko juu kuliko lingine, lakini kasia lilikuwa kasia, na nyanya pale chini alilitambua.

Pazia likafungwa. Mwalimu akanisukuma mbele, nikasimama watu wanione, nikainua mikono yote miwili. Niko mzima. Nyanya akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni kisha akatikisa kichwa kukubali.

Tulikuwa wa pili. Waamuzi waliusifu mchezo, wakasifu ubunifu wa kifo, kisha wakatupunguzia alama kwa sababu ya mchezaji wa ziada ambaye hakuandikishwa. Anayesonga mbele ni wa kwanza peke yake. Mwalimu alimwendea nyanya akitabasamu kwa uchungu.

"Mama, tumekatwa marks kwa sababu yako."

"Waache wakate," nyanya akasema. "Mimi nilikuwa na kazi yangu pale."

Ndani ya lori nilimuuliza mwenzangu kwa nini hakumchora mchoraji. Nilikuwa nimekasirika kidogo, ulikuwa uso wangu bwana. Alifikiri, akajibu kwamba angekuwa anadanganya, maana mchoraji alikuwa nyuma ya pazia anakula andazi, na yule mwingine ndiye aliyekuwa hayupo. Nilimpa nafasi yangu ya karibu na ubao wa lori apate upepo. Tulifika jua likiwa bado juu ya vilima vya Ruma, nyanya akaoga, akakung'uta mkeka, tukaimba wimbo wa kufungua Sabato.

Shuka letu la rangi aliliomba akalitundika ndani, ukutani, mahali ambapo wageni wakikaa wanaliona. Lilikaa hapo mpaka panya wakamaliza pindo na uji ukabanduka vipande vipande. Baba mdogo aliondoka mkono kwanza, kisha uso, kasia likabaki la mwisho.

Mimi niliendelea na maringo yangu, nikawa mchoraji kweli. Migori nimepaka majogoo kwenye hoteli, vichwa vilivyonyolewa kwenye vinyozi, ng'ombe wa buchari wenye tabasamu. Siku hizi mashine ndiyo inayochora. Unailetea picha kwenye simu, inatema bango kabla chai haijapoa, na mimi nakata kingo tu. Sina kinyongo nayo, inanilisha. Lakini nyuso zote za mabango yangu zimenyooka macho, na hakuna hata moja niliyoipenda kama ile.

Mti wa yago wa kijitoni uling'olewa barabara ilipopanuliwa. Nyanya amelala kando ya tunda lake, na alipokufa yeye watu bado walikimbia, nakumbuka, ingawa wengine walikuwa wameshapata habari kwa simu. Sasa kifo kinafika kwenye kundi la WhatsApp pamoja na namba ya mchango, na nduru ikipigwa mtu anajua ilishapigwa kwingine. Sisemi watu wamekuwa wabaya. Wanakuja, wanachanga, wanalala matangani. Ila hawakimbii, na mimi nimekaa na jambo hilo wiki nzima.

Mwenzangu wa dawati ndiye mwalimu wa drama pale shuleni sasa. Ndiye aliyeufufua ule mchezo akaniagiza bango. Nilimuuliza Alhamisi ile kwa nini amemlaza mtoto chini. Akasema yago ametafuta hakupata, na wazazi siku hizi hawakatai, wanachotaka ni video.

Nililala nyumbani. Ijumaa jioni nilikuwa kwenye makaburi nang'oa magugu, la nyanya kwanza, halafu la baba mdogo, nikasikia nduru kutoka juu shuleni. Nilijua ni mchezo. Nilijua hata ni nani anaanza na nani anapokea. Miguu yangu haikuniuliza. Nilipanda kile kilima mbio, mama wa watu mwenye watoto wakubwa, magugu mkononi, kitambaa kimefunguka, nikapita lango, nikampita yule wa bodaboda ambaye mara hii alitoa nyaya masikioni akanishangaa, nikafika katikati ya waliaji sina pumzi.

"Ng'a motho?" nikauliza.

Watoto wakanyamaza wakamgeukia mwalimu wao, maana swali hilo halikuwa kwenye mchezo wao na hakuna aliyewahi kuwauliza. Aliyelala chini ya shuka alifungua jicho moja, akaniona, akalifumba upesi. Kazi yake anaijua huyo.

Mwenzangu alinitazama, magugu, vumbi na yote. Hakucheka.

"Ni mchoraji," akaniambia. Kisha akasema, "Lakini dani yako angekuwa ameshafika kitambo."